Asizime Mpaka Nitume Neno

Hospitali ya Misheni,
kupitia Tukuyu.
12 Februari 2001

Mdogo wangu Lusungu,

Huku tupo, mvua tu ndiyo imetukalia shingoni. Nguo inafuliwa Jumatatu na Jumapili unaivaa mbichi kanisani.

Nakuandikia kwa shida, na shida yenyewe ni ile kompyuta uliyonifungia hapa ofisini mwaka juzi ukaniapia kwamba haitanisumbua. Nikisema imenisumbua nitakuwa mwongo. Inatunza majalada ya wagonjwa na majibu ya maabara, na huo mfumo wako wa Unix sijawahi kuuona ukizimika wenyewe. Sasa wafadhili wametuletea modemu ya redio ili tutume na kupokea barua pepe kupitia kituo cha Mbeya, tuachane na simu ambayo mti mmoja ukianguka Kiwira inakufa wiki nzima. Nimeichomeka. Mashine haiitambui kabisa. Kijitabu kinasema inataka toleo jipya zaidi la mfumo, tena lile ambalo hata wenyewe wanaolitengeneza bado wanalijaribu.

Bwana Hezekia, katibu wetu, ndiye aliyenishika koo. Wageni wa wafadhili wanakuja baada ya Pasaka na anataka waikute modemu inafanya kazi. Nimemwambia ukicheza na mfumo vibaya tunapoteza majalada yote. Akaniambia, "Ndiyo maana una ndugu Dar es Salaam."

Nyumbani Suma wanakusalimu. Wifi yangu Atuganile ana mimba yake ya kwanza, anatarajia katikati ya Aprili. Daktari amempima akasema nyonga ni nyembamba mno, hawezi kujifungua mwenyewe, lazima apasuliwe. Baba mkwe hana raha. Tangu marehemu mume wangu Jotham atutoke, Atuganile ndiye mtoto pekee aliyebaki kwake.

Na kuna jambo lingine utacheka. Baba mkwe ameajiriwa hapa hapa hospitalini! Kiwanda cha chai kilipouzwa, wao wa kwenye bwela, lile tangi la mvuke, walipunguzwa wote, akawa anakaa tu nyumbani anazunguka migomba. Bwana Hezekia amempa kazi ya jenereta. Kibanda cha jenereta kinatazamana na dirisha langu. Nilijaribu kumweleza Bwana Hezekia kwamba kwetu mkamwana na baba mkwe hawatazamani, hawasemezani, hata jina lake mimi silitamki. Yeye ni mtu wa Bukoba. Alicheka akaniuliza kama najua huu ni mwaka elfu mbili na moja. Basi ikibidi nimwambie kitu baba mkwe namtuma Tupokigwe, yule mama mfagizi. Na yeye akitaka kusema nami anamtuma huyo huyo. Akipita dirishani mimi nageukia ukuta. Tunaendelea hivyo.

Nisaidie, mdogo wangu. Naogopa.

Dada yako,
Ikupa

*

Dar es Salaam
25 Februari 2001

Dada Ikupa,

Shikamoo. Barua yako nimeisomea kazini, wenzangu wakaniuliza nacheka nini. Yaani wewe unageukia ukuta na Mzee Abeli anageukia jenereta, hospitali nzima inaendeshwa na watu wasiotazamana. Hapa ofisini kwetu ndivyo tulivyo pia, ila sisi hatuna sababu.

Sasa kazi. Kwenye kifurushi hiki utakuta sidii mbili. Nimempa dereva wa basi mkononi, umfuate stendi mwenyewe. Ndani kuna toleo la majaribio, lakini si la jana wala la juzi. La jana kamwe usilichukue. Hao watengenezaji wanabadilisha vitu kila siku, na kuna siku wanaharibu halafu wanaomba radhi kwenye orodha yao ya barua pepe. Nimekuchagulia la wiki kadhaa nyuma, ambalo watu wengi wameliweka na hawajalia. Mimi mwenyewe nimeliweka hapa na linaitambua modemu kama yenu.

Kitu cha kwanza soma lile faili la maonyo kabla hujagusa chochote. Lisome lote, usiruke kama unavyoruka matangazo ya kanisani. Halafu fanya nakala ya majalada yote kwenye tepu, mara mbili, tepu moja ilale ofisini na nyingine ilale kwako. Na usiniambie "nimefanya nakala" kama hujajaribu kuirudisha. Nakala ambayo hujaijaribu ni matumaini tu.

Kisha uuunde mfumo mpya kutoka kwenye sidii. Hapo mashine itasaga mchana na usiku, usihofu, maana inaunda pembeni, haijagusa mfumo unaotumia. TANESCO wakikata unaanza upya, huna hasara ila muda. Ukishaundika, weka kiini kipya peke yake, yaani ile sehemu ya ndani inayoendesha mfumo wote, na cha zamani ukiache pale pale kwa jina lingine, ili kipya kikigoma urudi ulikotoka. Washa upya. Ikiamka ndipo unaingia kwenye sehemu yenyewe.

Hapo sasa nisikilize vizuri. Utaiwasha peke yake, bila watumiaji wengine, na utaamuru mfumo mpya ukae juu ya ule wa zamani. Inachukua kama saa moja. Ndani ya saa hiyo umeme ukikatika, nusu itakuwa mpya na nusu ya zamani, na haitaamka tena mpaka nije mimi na basi. Kwa hiyo siku hiyo achana na TANESCO. Washa jenereta, na Mzee Abeli aambiwe asizime hata kama Yesu anarudi.

Baada ya hapo kuna mafaili ya mipangilio, yale unayalinganisha moja moja kwa jicho. Usiruhusu lipya lifute la watumiaji, utajifungia nje ya ofisi yako mwenyewe.

Ukienda hivyo hakuna kitakachoharibika. Mimi nimefanya mara nyingi. Mpe pole ya mimba Atuganile, mwambie mtoto akiwa wa kiume aitwe Lusungu, na akiwa wa kike pia.

Mdogo wako,
Lusungu

*

Hospitali ya Misheni
18 Machi 2001

Lusungu,

Sidii zilifika. Faili la maonyo nimelisoma mara mbili, na mengine sikuyaelewa lakini nimeyasoma. Tepu nimejaza, na nikajaribu kurudisha jalada la mgonjwa mmoja aliyekwisha kuruhusiwa, likarudi zima. Kuunda kumenitesa. TANESCO wamekata, nimeanza upya, wamekata tena. Mwishowe Mungu amejalia wametuachia siku mbili mfululizo na mfumo umeundika bila kosa. Juzi nikaweka kiini kipya, nikawasha upya huku nimefumba macho. Imeamka.

Imebaki ile saa yako moja. Nimepanga Jumamosi hii, kwa kuwa kliniki hakuna na ofisi ni tupu.

Tatizo ni dizeli. Barabara inateleza, gari la mafuta halipandi huku, na kilichopo ni cha kwenye tangi pamoja na madumu mawili ya akiba. Akiba hiyo ni ya chumba cha upasuaji, haiguswi. Baba mkwe ameyafungia madumu kwa mnyororo na ufunguo anauvaa shingoni. Tupokigwe anasema kila asubuhi anayagonga kwa vidole kusikiliza kama yamejaa, kwa ajili ya Atuganile. Lakini saa moja tu tangi linatosha, hatutafika kwenye akiba.

Nimekwishamtuma Tupokigwe apeleke maneno haya haya: Jumamosi akiwasha, asizime mpaka nitume neno. Amerudi na jibu. "Amesema amesikia."

Atuganile miguu imevimba, lakini anakula na anacheka. Amesema jina la Lusungu hataki, watoto wenye jina hilo wanaongea sana.

Niombee Jumamosi.

Ikupa

*

Dar es Salaam
2 Aprili 2001

Dada yangu mhandisi!

Nimepata "IMEAMKA" yako! Wiki nzima barua pepe yangu ilikuwa imekaa Mbeya inakusubiri ufungue mlango. Umeisoma yote? Na ule mzaha wa mchungaji na modemu? Najua umecheka, usinidanganye. Jibu lako nimelichapa nimelibandika ukutani hapa kazini. Nimewaonyesha wenzangu: toleo la majaribio, milimani Rungwe, kwenye mvua, bila mtaalamu, na halijapoteza hata faili moja. Kuna watu hapa mjini wenye viyoyozi wameharibu mara tatu.

Mbona tangu hapo kimya lakini? Nimekutumia nyingine mbili, hujajibu. Au modemu ndiyo imeanza maringo? Niambie inasema nini kwenye kioo, tutaitengeneza.

Na Atuganile? Nadhani sasa hivi tumbo linafika mlangoni kabla yake.

Lusungu

*

Suma
22 Aprili 2001

Lusungu,

Modemu ni nzima. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu zile za kwenye mashine Bwana Hezekia anazisoma zote, na kwa sababu siku hizi sipendi kukaa pale zaidi ya ninavyolazimika.

Atuganile amefariki. Amefariki Jumamosi ile ile, yeye na mtoto. Mtoto alikuwa wa kike.

Uchungu ulimshika mapema kuliko alivyotarajiwa. Walimleta alasiri, wanaume wamembeba kwenye machela kutoka nyumbani, mvua inanyesha. Daktari akasema aingizwe mara moja. Walipotaka taa, jenereta likazimika. Dizeli ilikuwa imeisha, na akiba pia. TANESCO hawakuwepo. Gari la hospitali lilikuwa limekwenda Msasani, hii ya huku kwetu Rungwe, kuzika mama wa mhasibu wetu, na nusu ya wafanyakazi humo ndani, Tupokigwe naye. Kijana wa baiskeli alitumwa Tukuyu mjini kufuata dizeli. Daktari hakungoja, alianza kwa tochi, muuguzi ameshika moja na mimi nimeshika nyingine. Mashine ya kunyonya damu haikufanya kazi. Alikuwa anachota kwa vitambaa. Mimi nilishika tochi mpaka nikaambiwa nishushe.

Kazi ya kompyuta ilichukua muda mrefu kuliko ulivyosema. Ndiyo hivyo.

Tumemzika hapa nyumbani, kando ya marehemu mume wangu. Baba mkwe alichimba mwenyewe, watu wakamnyang'anya jembe, akalichukua tena.

Wageni walikuja baada ya Pasaka. Waliitazama modemu, wakapiga picha, mmoja akanishika mkono muda mrefu akaniambia nimefanya kazi nzuri sana katika mazingira magumu. Bwana Hezekia ametaja jina langu kwenye taarifa yake. Baba mkwe amepewa barua ya onyo kwa kutumia akiba ya chumba cha upasuaji bila idhini.

Usiniandikie mambo ya mfumo tena.

Ikupa

*

Dar es Salaam
6 Mei 2001

Dada,

Barua yako imenikuta kazini na sikumaliza siku. Pole. Sijui niandike nini zaidi ya pole, na nikiisoma naona haitoshi hata robo.

Niliandika saa moja. Ninayo nakala ya barua yangu hapa, niliandika "kama saa moja", na nilikuwa najisifu. Mashine niliyojaribia mimi ni mpya, yenu ni ya zamani na diski yake ni nzito. Mtu mwenye akili angezidisha, angesema mchana mzima, angesema msifanye kabisa wakati mama mjamzito wa kupasuliwa yupo karibu na dizeli haipandi. Nilikuandikia kila kitu cha kuilinda mashine. Sikuuliza hata mara moja umeme huo ni wa nani.

Lile karatasi la ukutani nimelibandua.

Na hilo la onyo limeniuma. Mzee aliamriwa, na amri imetoka kwangu. Nimemwandikia yeye mwenyewe, barua nimempa dereva aipeleke mpaka Suma. Nimemweleza kwamba kosa ni langu, nilikadiria vibaya, na wewe ulifuata maneno yangu tu. Kama anataka kumchukia mtu anichukie mimi. Nimeandika pia kwa Bwana Hezekia, kwa lugha ya heshima, ingawa heshima yenyewe sikuwa nayo.

Usiache kuniandikia, hata mistari miwili.

Lusungu

*

Suma
27 Mei 2001

Kwa kijana wangu Lusungu,

Ugonile. Barua yako imefika. Nimeisoma mwenyewe, sikumpa mtu anisomee, maana shule nilikwenda mpaka darasa la nne na macho bado yapo.

Umesema kosa ni lako. Ndaga, asante kwa kusema hivyo, wewe ni mtoto uliyelelewa. Lakini mimi nataka nikueleze kitu ambacho sikumweleza mtu, kwa sababu mtu wa kumweleza siruhusiwi kusema naye.

Mimi nimefanya kazi ya bwela kiwandani tangu kijana mpaka walipouza kiwanda. Kwenye bwela ukiambiwa usizime, huzimi. Hata uone kwamba huko juu majani ya chai yamekwisha, huzimi, unangoja neno. Mtu anayezima kwa akili yake anaunguza wenzake. Nimeona wawili wakiungua hivyo. Kwa hiyo niliposikia kutoka kwa mkamwana, "Asizime mpaka nitume neno," kwangu hiyo ni sheria, sikuwa na shida nayo.

Tangi likashuka. Nikamtafuta Tupokigwe nimtume aulize, amekwenda msibani. Nikatafuta mtu mwingine, wauguzi wapo na wagonjwa, siwezi kuwaita kwa jambo la nyumbani. Basi nikaenda karibu na dirisha nisimame, nikidhani ataona kivuli atajua kuna jambo. Aliona kivuli. Akageukia ukuta, kama anavyotakiwa. Ni mkamwana mwenye adabu, sina neno juu yake. Nikaondoka nikafungua dumu la kwanza.

Dumu lile lilipokaribia kwisha nikarudi. Hapo nilifanya kitu kibaya, kijana wangu. Nilichungulia. Nilimtazama mke wa marehemu mwanangu dirishani kama mwizi. Yeye hakuniona. Mikono yake haikuwa kwenye mashine. Alikuwa amekaa, anasoma kwenye kioo, anacheka peke yake.

Nilisimama nikajiuliza, mtu mwenye kazi ya hatari anacheka? Lakini neno halikuja. Nikasema mimi mashine hizo sizijui, labda ndivyo zinavyofanywa. Nikaenda nikafungua dumu la pili. Nalo lilipokaribia kwisha ndipo nikasikia watu wanapandisha na machela.

Sasa naomba uniulizie kwake, kwa kuwa wewe ni ndugu yake. Ule wakati anacheka, kazi ilikuwa imeisha au bado? Siulizi ili nimshitaki kwa mtu. Nataka nijue dizeli ya mwanangu niliimimina kwa kazi au niliimimina bure. Kama ni kwa kazi, nitakaa nayo. Watu hufa kwa kazi, hata kiwandani walikufa.

Ni mimi,
Abeli

*

Dar es Salaam
9 Juni 2001

Dada,

Ndani ya bahasha hii nimeweka barua ya Mzee Abeli. Isome ukiwa peke yako.

Ulichokuwa unacheka ni barua yangu. Ile ya mchungaji na modemu. Nimekaa na jambo hili tangu juzi, kwa sababu "IMEAMKA" yako ilinifikia nikiwa nakula chakula cha mchana, nakumbuka niliacha sahani nikakimbilia kuwaonyesha wenzangu. Wewe umeniandikia kwamba Atuganile aliletwa alasiri. Sikutaka kuhesabu na sitahesabu.

Mimi nimekwishaandaa jibu. Nitamwandikia kwamba kazi ilikuwa bado. Kwamba mashine inapofanya kazi hiyo mtu hana la kufanya ila kukaa na kuisoma, na wakati mwingine huandika mambo ya kuchekesha. Ataamini, hana pa kuulizia kwingine. Mzee amesema mwenyewe atakaa nayo ikiwa ni kwa kazi. Kwa nini tumnyime hilo? Mkae salama hapo nyumbani, muendelee kula sufuria moja.

Niambie tu "ndiyo" na barua itapanda basi siku hiyo hiyo.

Lusungu

*

Suma
26 Juni 2001

Mdogo wangu,

Usiitume.

Saa yako moja ilikuwa sawa. Hukukosea. Mfumo ulikaa ndani ya muda ule ule, mafaili ya mipangilio nikayalinganisha moja moja, nikawasha upya, ikaamka, na modemu ikaita Mbeya na Mbeya wakaitika. Baba mkwe alikuwa hajafungua hata dumu la kwanza. Nikatoka mlangoni kumwita Tupokigwe apeleke neno, nikakumbuka amekwenda Msasani. Muuguzi wa zamu alikuwa pale pale barazani anakunja bendeji. Ningemwomba, angevuka uwanja, angesema "zima", angerudi. Nilimtazama nikasema moyoni asije akaniona namfanya tarishi, Tupokigwe hakawii. Nikarudi ndani. Na barua zilikuwa zinaingia, Lusungu, moja baada ya nyingine, kutoka Mbeya, kutoka Dar es Salaam, yako. Tangu nifiwe sikuwa nimefurahi namna ile. Nilikaa nikiipenda ile furaha na sikutaka kuinuka. Nikaona kivuli chake, nikageukia ukuta, kilipoondoka nikarudi kusoma.

Barua yake nimeisoma peke yangu kama ulivyosema. Hajaniita mbaya hata mahali pamoja. Afadhali angeniita.

Jana nilivuka uwanja nikaenda kwenye kibanda. Mchana, watu wote wamekwenda kula. Alikuwa anafuta jenereta kwa tambara. Aliponiona alifanya kama inavyotakiwa, akanipa mgongo, akaendelea kufuta. Mimi sikugeuka. Nikausemesha mgongo wake. Nikamwambia, "Baba, kazi ilikuwa imeisha. Iliisha kabla hujafungua dumu. Nilikuwa nasoma barua za ndugu yangu. Sikutuma neno." Tangu niolewe ndiyo mara yangu ya kwanza kumsemesha, na sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka.

Tambara lilisimama. Nilidhani atageuka, na nilikuwa tayari hata anipige. Hakugeuka. Akasema, si kwangu, akasema mbele yake kama anayemtuma Tupokigwe, "Mwambieni mkamwana nimesikia. Mwambieni ndaga kwa kunijibu."

Uwanja mzima hapakuwa na mtu mwingine. Nilibaki pale mlangoni nikingoja, kwa sababu nilifikiri lipo neno jingine linakuja, lolote, hata la kunifukuza. Aliweka tambara chini. Akashika hendeli, akazungusha kwa mikono yote miwili, jenereta likanguruma. Saa ya kuwasha ilikuwa bado. Aliwasha tu, ili hata kama ningesema tena asinisikie, akasimama hapo amenipa mgongo mpaka nilipoondoka.

Dada yako,
Ikupa